"Piga Kulia": Ushauri Mzuri, Sababu Mbovu

Kama umewahi kushika kamera ya kidijiti ukatafuta maarifa ya kuitumia, lazima umekutana na ushauri huu: "piga kulia". Maana yake ni kwamba ukitazama histogramu, ule mchoro wa vilima unaotokea kwenye kioo cha nyuma ya kamera, uhakikishe vilima vimesogea upande wa kulia, upande wa mwanga, kadiri inavyowezekana bila kugonga ukuta. Walimu wa picha wanaufundisha, vijana wa studio wanaurudia, na mimi mwenyewe niliubeba miaka bila kuuhoji.

Leo tuuhoji. Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane: ushauri wenyewe ni mzuri, ila sababu iliyoupa umaarufu ni mbovu. Utaniuliza, kama jibu ni sahihi, sababu ina kazi gani? Ngoja nikupe kisa.

Nilimpigia binamu yangu picha za nikahi. Sebule ya nyumbani, alasiri, dirisha moja kubwa, bwana harusi kakaa kando ya dirisha na kanzu nyeupe na kofia ya vito. Kofia ile bibi yetu aliishona kwa mkono, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, kazi ya miezi. Kamera nimeiweka ISO 400, shata 1/250. Natazama histogramu, vilima viko katikati. Nikakumbuka "piga kulia". Nikapandisha ISO hadi 1600, vilima vikasogea, nikajiona fundi.

Nyumbani nikafungua picha kwenye kompyuta. Uso wa bwana harusi una chenga zilezile, na kofia imeungua, doa jeupe tupu, hakuna hata tundu moja la mshono. Bibi alipoletewa picha akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona mwenzio kavaa kofia ya dukani?"

Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo leo.

Ushauri ulitoka wapi

Mwaka 2003 marehemu Michael Reichmann, mpigapicha na mwandishi, alichapisha makala fupi iliyoeneza wazo hili. Alieleza kwamba lilitokana na mazungumzo yake na Thomas Knoll, mmoja wa ndugu wawili walioanzisha Photoshop. Hoja yake ilikuwa ya hesabu, na ilivutia kwa sababu ni rahisi.

Inakwenda hivi. Kamera ya biti 12 inaweza kuandika viwango 4,096 vya mwanga, kuanzia giza hadi weupe kamili. Sensa inahesabu mwanga kwa mstari ulionyooka: mwanga ukiwa nusu, namba inakuwa nusu. Wapigapicha hupima mwanga kwa stopu, na kila stopu ni mara mbili ya ile iliyo chini yake. Kwa hiyo stopu ya juu kabisa, yenye mwanga mkali, inachukua nusu ya viwango vyote, yaani 2,048. Inayofuata 1,024, halafu 512, halafu 256, na ya tano inabakiwa na 128 tu. Basi ukipiga picha yenye giza, umetupa viwango vingi. Sogea kulia ukavitumie.

Nampa heshima yake. Wakati ule watu wengi walikuwa wanapunguza mwanga kwa hofu ya kuunguza picha, na makala ile iliwafundisha kuisoma histogramu badala ya kuikodolea macho tu. Tena alikuwa akiandika kwa ajili ya mtu anayepiga faili la RAW, lile lisilopikwa na kamera. Ukipiga JPEG, kamera imeshakuamulia mengi kabla hujafika nyumbani.

Lakini hoja ya viwango haisimami. Mmoja wa walioionyesha vizuri kasoro yake ni Emil Martinec, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeandika mwaka 2008 kuhusu chenga, upana wa mwanga na biti za kamera. Mfano nitakaotumia hapa chini ni wangu, ila njia ya kufikiri ndiyo hiyohiyo.

Hesabu inavyokataa

Mwanga haumiminiki kama maji ya bomba. Unakuja tone moja moja, na kila tone tunaliita fotoni. Weka sufuria mbili uani mvua ikinyesha, uzitoe baada ya sekunde tano. Hazitakuwa na matone sawa, hata kama mvua ni moja. Kwa mwanga, kutofautiana huko kuna kanuni yake: ukikusanya wastani wa fotoni N, hesabu yako itayumba kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha N. Fotoni 10,000 zinayumba kwa 100, sawa na asilimia 1. Fotoni 100 zinayumba kwa 10, sawa na asilimia 10. Kuyumba huko ndiko unakokuona kwenye picha kama chenga.

Zingatia kwamba chenga hizi hazitokani na ubovu wa kamera. Ni tabia ya mwanga wenyewe. Hata uinunue ya bei gani, zitakuwepo.

Sasa chukua pikseli inayojaa ikiwa na elektroni 40,000. Ukigawa kwa viwango 4,096, kila kiwango ni kama elektroni 10. Kwenye mwanga mkali kabisa hesabu inayumba kwa elektroni 200, yaani viwango 20 hivi. Una viwango 2,048 katika stopu ile, lakini jirani na jirani hawatofautishiki, kwa sababu mwanga wenyewe unatikisika viwango 20. Ni sawa na kupima gunia la mkaa kwa mizani ya sonara huku mtu anatingisha meza.

Je, kule gizani, kwenye stopu ya tano, ambako tuliambiwa tumebakiwa na viwango 128 na hali ni mbaya? Chini kabisa ya stopu ile kuna elektroni 1,250. Zinayumba kwa 35 hivi, sawa na viwango vitatu na nusu. Hata huko, hatua ya kiwango kimoja ni ndogo kuliko chenga. Viwango havijakosekana popote. Kilichokosekana ni mwanga: kule juu kuyumba ni nusu ya asilimia moja, huku chini ni karibu asilimia 3.

Hiyo ndiyo sababu halisi ya kusogea kulia. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa hupimika vizuri kuliko chenye punje chache. Ukiongeza mwanga mara nne, chenga zinapungua kwa nusu ukilinganisha na picha.

Sababu mbovu huzaa kosa

Turudi kwenye swali: kama zote mbili zinasema "kulia", tofauti iko wapi?

Tofauti iko kwenye kitufe utakachobonyeza. Ukiamini hoja ya viwango, chochote kinachosogeza histogramu ni halali, na ISO ndiyo rahisi kuliko zote. Sidai kwamba Reichmann alifundisha hivyo. Nasema kwamba hoja yake iliacha mlango wazi, na wengi tukapita.

ISO haiongezi hata fotoni moja. Vitu vinavyoamua mwanga ungie kiasi gani ni vitatu: mwanga uliopo mahali, ukubwa wa tundu la lenzi, na muda ambao shata iko wazi. Basi. ISO inakuja baada ya mwanga kukusanywa, inakuza kilichopatikana. Ile pembetatu inayochorwa kila darasa la picha, yenye ISO kwenye pembe moja kana kwamba ni ndugu wa tundu na shata, inachanganya aliyevuna na aliyepima mavuno.

Na kukuza kuna gharama. Pikseli yetu ya elektroni 40,000 kwenye ISO 100, ukiipeleka ISO 400 inagonga ukuta ikiwa na elektroni 10,000 tu. Umepoteza stopu mbili za juu, na maji yakimwagika hayazoleki: ukishagonga ukuta, hakuna programu itakayokurudishia kofia ya bibi.

Upana wa mwanga wa kamera, yaani umbali kati ya weupe wa mwisho unaoandikika na giza la mwisho lisilozama kwenye chenga, hupatikana kwa kugawa ujazo wa pikseli kwa chenga za umeme wa kamera yenyewe. Kama ujazo ni elektroni 40,000 na chenga za umeme ni 4, unapata 10,000, sawa na stopu 13 na kidogo. Kila unapopandisha ISO mara mbili, dari linashuka stopu nzima, ila sakafu haishuki kiasi hicho.

Kwa haki, ISO ina faida yake. Kwenye kamera nyingi za zamani, umeme ulioko baada ya sensa ulikuwa na kelele nyingi, hivyo kukuza mapema kulisaidia vivuli. Kwenye sensa nyingi za sasa kelele hiyo ni ndogo sana, kiasi kwamba kupiga RAW kwa ISO ndogo ukaja kuing'arisha kwenye kompyuta, na kupandisha ISO palepale, kunakupa karibu picha ileile. Tofauti ni kwamba ya kwanza imekuachia weupe salama.

Sasa rudi sebuleni. ISO 400 kwa 1/250, vilima katikati, kofia salama. Bwana harusi amekaa, hatikisiki. Ningeshusha shata hadi 1/60, mwanga ungeingia mara nne. Ningeshusha na ISO hadi 100, histogramu ingebaki palepale katikati, kofia ingebaki salama palepale, lakini uso ungekuwa na nusu ya zile chenga. Picha mbili, histogramu moja, mwanga mara nne. Hapo ndipo utajua kwamba histogramu haipimi mwanga uliokusanya. Inapima mwanga baada ya kukuzwa.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani mandhari yako, ukiichanganya yote, ni kijivu cha kati. Weka mbele yake watu wenye kanzu na mashela meupe, nayo itapunguza mwanga ili weupe ushuke. Ngozi nyeusi inarudisha sehemu ndogo ya mwanga, na kanzu nyeupe inaweza kurudisha mara nane hivi yake. Stopu tatu nzima. Kwa hiyo kamera ikishapunguza, kanzu inakaa pazuri, na nyuso zetu zinasukumwa kwenye vivuli, palepale chenga zinapoishi. Debe tupu haliachi kutika.

Ndiyo maana sipendi mtu aseme mjadala huu ni wa wapenda vyombo tu. Anayepiga harusi, mahafali au Idi anaamua nani aonekane. Akikosea upande mmoja, mshono unapotea. Akikosea upande wa pili, sura inapotea.

Na histogramu yenyewe usiiamini kupita kiasi. Hata ukipiga RAW, ile ya kwenye kioo hutengenezwa kutokana na JPEG, baada ya kamera kupika rangi. Pia ile ya rangi zote kwa pamoja husikiliza zaidi kijani, kwa hiyo kanga nyekundu inaweza kuungua kwenye wekundu wake huku mchoro unaonyesha shwari. Fungua histogramu ya rangi tatu kama kamera yako inayo.

Ushahidi mwingine unao mfukoni. Mfumo wa HDR+ wa Google, kama wahandisi wake walivyouchapisha mwaka 2016, ulipiga fremu kadhaa za haraka, zote kwa mwanga mdogo, kisha ukazilinganisha na kuziunganisha. Kila fremu peke yake ilipigwa "kushoto"! Weupe ulilindwa, na mwanga ulipatikana kwa kujumlisha fremu. Kwa hoja ya viwango, hilo ni kosa. Kwa hoja ya fotoni, ni busara tupu.

Basi ufanye nini

Piga RAW. Anza na ISO ndogo kabisa. Jiulize weupe gani lazima uishi: kofia, shela, mawingu? Taa ya balbu au jua lililo nyuma ya mtu achana navyo, viungue tu. Halafu fungua tundu kadiri unavyoweza bila kupoteza ukali unaoutaka, na uchelewesha shata kadiri mtu wako anavyotulia, mpaka ule weupe ukaribie ukuta. Ukifika hapo umemaliza, umepiga kulia kikweli. Kama tundu na shata vimefika mwisho na weupe bado uko mbali, hapo ndipo ISO ipande, tena kwa kiasi.

Usiniamini mimi, jaribu. Weka kamera juu ya meza, kitu cheusi na kitambaa cheupe mbele yake. Piga ISO 100 kwa 1/60, halafu ISO 400 kwa 1/250. Histogramu zitafanana. Kisha kuza kile cheusi kwenye kompyuta uzitazame chenga.

Mimi nilijaribu, na nilitumia kofia ileile. Binamu aliniazima. Picha nimemchapishia bibi kwa ukubwa wa A4, na matundu yote ya mshono yanahesabika. Aliyahesabu.