Mofimu na Vipande: Uhakiki wa Namna Kompyuta Inavyofundishwa Kiswahili

Makala hii inahakiki dai kwamba kompyuta ikipewa matini nyingi hujifunza lugha bila msaada wa mwanaisimu. Mwaka 2016, Sennrich, Haddow na Birch walipendekeza maneno yakatwe kwa kufuata marudio ya herufi zinazoandamana, mbinu ambayo asili yake ni ubanaji wa data wa Gage (1994). Ubora wake hauna budi kukiriwa: neno geni haliukwamishi mfumo. Hata hivyo, marudio si mofolojia.

Tuchukue sentensi mbili: Juma amempika kuku; Juma amempikia kuku. Katika ya kwanza kuku ni kitoweo. Katika ya pili anaweza kuwa mgeni. Tofauti yote imebebwa na -i- ya kauli ya kutendea (a-me-m-pik-i-a). Mkato unaoongozwa na marudio pekee hauna dhamana ya kuuheshimu mpaka huo.

Hurskainen, aliyeanza kazi yake ya kuchanganua Kiswahili kwa kompyuta mwaka 1985, alianzia kwenye mofimu. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba hudai kamusi na kanuni zinazoandikwa kwa mkono, ilhali lugha haisubiri.

Kwa hiyo, hatupendekezi kurudi nyuma. Tunachodai ni kipimo: mfumo usisemwe kuwa unaelewa Kiswahili kabla haujapimwa kwa jozi za sentensi kama hizi. Kuziandaa jozi hizo ni jukumu letu wanaisimu. Tukilikwepa, tusilalamike kuku wetu akialikwa mezani.