Hesabu ya Wasiofika Hospitalini

Ukitaka kumpima mwanauchumi wa afya anayechunguza bima ya umma, achana kwanza na makala zake. Omba uone karatasi yake ya maswali.

Chukua swali lililozoeleka: "Mama, katika wiki nne zilizopita, nani aliugua humu nyumbani?" Kwenye milima ya Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mama anaweza kujibu hakuna, na asiwe amedanganya: homa iliyopita na kikohozi cha mtoto si habari ya kumpa mgeni. Mtafiti stadi hageuzi ukurasa. Anauliza nani alishindwa kwenda shambani, na hapo majina huanza kutoka. Kisha anataka kujua pesa ya fishi, yaani kadi ya kumwona daktari, na ya dawa ilipatikana wapi: mbuzi aliuzwa, walikopa, au ilikuwa zamu yao ya likirimba, mchango wa kupokezana? Hata maharagwe waliyolima na kuyala wenyewe anayatia bei ya soko, la sivyo hataujua uwezo wa nyumba ile.

Kipimo cha kimataifa kilichotumika hadi 2025 kiliihesabu nyumba kuwa imeelemewa pale matibabu yalipomeza zaidi ya asilimia 10 ya matumizi yake, au 25 ukitaka kipimo kikali. Hapo pana mtego. Familia ya ndani kabisa Walikale, jirani na Masisi, ambako mgonjwa hubebwa kwa machela kwenye njia za msituni, ikikata tamaa ya kwenda hospitali haitatoa hata faranga moja. Kwenye jedwali itaonekana imekingwa vizuri mno!

Daktari Mbelgiji Bart Criel, mtafiti wa Antwerp, aliuona mtego wa namna hii. Alichunguza bima ya hospitali ya Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa Kongo, iliyoanza mwaka 1986, enzi za Zaire. Mchango ulikusanywa mara moja kwa mwaka, wakulima wakiwa wameuza mazao. Katika utafiti aliouchapisha na wenzake mwaka 1999 hakutosheka kuona kwamba wenye bima wanalazwa zaidi. Alitazama pia umbali wa makazi yao na hospitali, na upasuaji ambao haja yake haina mjadala, kama ule wa kujifungua. Nauheshimu sana uvumilivu huo.

Huku Kivu kazi ni ngumu zaidi. Mkulima wa Masisi ana msimu wa kuuza; mchimbaji wa kasiterite, madini ya bati, wa Walikale hajui msimu. Hospitali ya Masisi imesaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka tangu 2007, kwa matibabu ya bure, basi nani atachangia mutuele, mfuko wa bima ya afya wa wanajamii? Na vita huhamisha watu kila mara, ilhali kadi ya mwanachama hubaki halali kwenye hospitali ya kwao tu. Kwa hiyo karatasi ya maswali ya huku inadai safu mbili zaidi: zoni ya afya (eneo la huduma lenye hospitali yake) uliyolipia, na zoni uliyolala jana.