Kutafuta jibu ndani ya mwongozo wa QGIS: mfano wa lava ya Goma

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 lava ya volkano ya Nyiragongo ilishuka hadi Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Anayechora ramani ya maafa kama yale hukutana na kazi moja ya msingi: kuchukua mpaka wa lava, kuuzungushia ukanda wa mita 500, kisha kuhesabu nyumba zilizomo kwa data za OpenStreetMap. Kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, kazi hiyo haichukui muda mrefu kwa mwenye kuijua. Asiyeijua anaweza kupoteza mchana mzima ndani ya mwongozo, na mara nyingi kinachomchelewesha ni namna anavyotafuta.

Hufungua docs.qgis.org na kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia sentensi nzima: «comment faire une zone de 500 mètres autour de la lave du Nyiragongo». Hapati ukurasa hata mmoja. Kisanduku hicho hakielewi maswali. Kinalinganisha maneno na faharasa iliyoandaliwa, na kwa kawaida hutaka kila neno lenye uzito lipatikane kwenye ukurasa uleule. Mwongozo hauujui Nyiragongo, kwa hiyo neno hilo moja linatosha kuangusha utafutaji wote. Ondoa yote yanayohusu mlima wako, mji wako na faili lako, ubaki na tendo lenyewe. Kwenye menyu ya Kifaransa tendo hilo linaitwa Tampon.

Hapo ndipo ugumu wa Goma unapoanza. Tunazungumza Kiswahili, menyu ziko kwa Kifaransa, na maelezo mengi ya watumiaji wengine yameandikwa kwa Kiingereza. Jina la zana hubadilika kila lugha, lakini ndani ya QGIS kila algoriti ina kitambulisho kisichobadilika. Cha Tampon ni native:buffer. Endesha zana mara moja, kisha ufungue historia ya usindikaji (Ctrl+Alt+H): utakikuta kimeandikwa ndani ya amri. Ukitafuta kwa kitambulisho hicho, mwongozo wa Kifaransa, wa Kiingereza na hata wa Kireno utakupeleka mahali palepale. Kwangu hii ndiyo mbinu yenye faida kuliko zote, na inasikitisha kuona mafunzo mengi yakiiruka.

Ukishafika, usishangae urefu wa ukurasa. Mwongozo umekusanya algoriti zote za jiometri ya vekta pamoja, moja chini ya nyingine. Bonyeza Ctrl+F, andika native:buffer. Utatua kwenye sehemu ya Python, ambayo iko mwisho wa maelezo ya kila zana. Panda juu kidogo ndipo usome vigezo, na usiache mstari wa «Voir aussi», maana huko ndiko zana za jirani zilikotajwa.

Sasa umeandika 500, na ramani imefunikwa na umbo kubwa lisilo na maana. Kurudi kwenye maelezo ya Tampon hakutasaidia sana, kwa sababu zana haina kosa. Tabaka lako liko kwenye EPSG:4326, ambako umbali hupimwa kwa digrii, na digrii moja hapa karibu na ikweta ni kama kilomita 111. Cha kutafuta sasa ni SCR, yaani mfumo wa viwianishi, katika sura inayohusu projections. Hapo tena namba hushinda neno: Goma iko katika ukanda wa UTM 35 Kusini, EPSG:32735. Badilisha tabaka kwa native:reprojectlayer, rudia ukanda, na 500 itakuwa mita. Asiyeelewa sababu asome kitabu cha utangulizi kilichomo kwenye tovuti hiyohiyo. Kiliandikwa kwa ajili ya Eastern Cape, Afrika Kusini, na kina sura juu ya mifumo ya viwianishi na juu ya ukanda wenyewe.

Ujumbe wa kosa nao usafishwe kabla ya kutafutwa. QGIS ikilalamika kwamba jiometri ya kitu fulani si halali, huweka ndani ya sentensi namba ya kitu hicho na jina la tabaka. Hayo ni yako peke yako. Yafute, uache «géométrie invalide» tu, na native:fixgeometries haitakuwa mbali.

Jambo la mwisho ni toleo. Tafsiri za mwongozo hutolewa kwa matoleo ya LTR pekee, yale yanayotunzwa kwa muda mrefu. Ofisi inayofanya kazi kwa Kifaransa haina sababu ya kukimbilia toleo jingine. Mwongozo wa LTR unaweza kupakuliwa mzima, na katika mipangilio ya mfumo, QGIS hukubali njia nyingine za hati za msaada, ikiwemo folda ya kwenye kompyuta yako. Mega zikiisha au mtandao ukikatika, kitufe cha Aide kitaendelea kujibu. Naomba walimu wa UNIGOM (Chuo Kikuu cha Goma) na wakuu wa maabara nyingine za mji huu waupakue mara moja na kuuweka kwenye mtandao wa ndani, ili mwanafunzi asilipie mega kusoma kitu kinachotolewa bure.