"Mko salama": salama na nini?

Mimi ni mtu wa kilimo, lakini duka la mbegu ninapofanya kazi huku Bukavu limenifundisha mambo ya intaneti. Fundi mmoja aliweka DNS ya Quad9, ile 9.9.9.9, kwenye ruta yetu, akasema: "Sasa mko salama." Kisha akaomba dola 20 kila mwezi.

Huduma yenyewe naisifu. Ukibonyeza linki ya wezi inayojulikana, Quad9 inakataa kutoa anwani ya ile tovuti, na ukurasa haufunguke. Iko bure tangu 2017.

Ninachokosoa ni ile ahadi. Simu inayotumia mega zake haipite kwa ruta. Na virusi vikija na flashi, DNS haivione vikiingia. Kwetu viliingia hivyo, na daftari ya madeni ya wakulima ikapotea yote. Ni kama mozaiki ya mihogo: uzio unazuia mbuzi, lakini ugonjwa unakuja na vijiti unavyopanda mwenyewe.

Basi wenzangu mnaofungua biashara, wekeni kichujio, ni cha bure. Zile dola 20 nunueni diski ya kuweka kopi. Na fundi akisema "mko salama", mumuulize: salama na nini?