Jiwe Juu ya Jiwe

Nyatike ni nchi ya mawe. Ukitoka mjini Migori kuelekea kaskazini-magharibi, utaona pembezoni mwa mashamba malundo ya mawe ambayo wakulima wameyaondoa ili jembe lipate kupita. Vichaka vina miiba, jua la saa sita ni kali, na njia ya miguu hupanda na kushuka juu ya miamba. Ukivuka kuingia kaunti ya Homa Bay unakutana na mteremko mkali wa Kanyamwa, na chini yake bonde la Lambwe lenye Hifadhi ya Taifa ya Ruma, makao ya mwisho nchini Kenya ya korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma. Wengi wanaopenda kutembea porini huja kwa ajili ya hayo. Mimi huja kwa ajili ya ukuta.

Ukuta wenyewe uko Thimlich Ohinga, huku huku Nyatike, kilomita 46 hivi kutoka Migori. Inakadiriwa kuwa ulijengwa katika karne ya 16, na tangu hapo jamii mbalimbali, za Wabantu na za Wajaluo, zilipokezana kuishi ndani yake na kuukarabati hadi katikati ya karne ya 20. Yako maboma manne makubwa: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zake hufikia kimo cha zaidi ya mita nne mahali pengine, na zina unene wa wastani wa mita moja. Ndani yake hamna saruji, chokaa wala tope. Jiwe limeshikwa na jiwe.

Kazi hii inafaa kutazamwa kwa karibu. Waashi wa Zimbabwe Kuu walichonga matale yao yakakaribia kulingana, wakayapanga safu kwa safu. Mwashi wa Thimlich aliyachukua mawe jinsi ardhi ilivyompa, mapande na mabamba yasiyofanana, akayatumia hivyo hivyo. Alijenga nyuso mbili, ya nje na ya ndani, kisha akashindilia mawe madogo katikati yake ili zishikane. Hakuunyoosha ukuta, aliupinda, na pale uzito ulipotaka kuusukuma aliongeza egemeo. Juu ya lango alilaza mabamba marefu kuwa linta. Lango lenyewe alilifanya fupi na jembamba, ili yeyote aingiaye ainame kwanza, na adui aliyeinama hana nafasi ya kurusha mkuki.

Chokaa humsitiri fundi. Hapa hakuna cha kumsitiri. Jiwe lililokaa vibaya hucheza, na likicheza, yote yaliyo juu yake hupata habari. Lakini nyufa zile zile ambazo mgeni huziona kuwa udhaifu ndizo zinazouokoa ukuta: mvua ya masika hupenya na kutoka, haikusanyiki ndani na kuubomoa. Nusu siku ya kutembea kwenye miteremko hii inatosha kumfundisha mtu sehemu ndogo ya elimu hiyo. Jicho huanza kutambua ni jiwe lipi litabeba mguu na ni lipi litageuka. Mwashi alikuwa na jicho hilo maisha yake yote, na juu ya jicho alikuwa na subira ya kuliacha jiwe zuri lisubiri mahali pake.

Mwaka 1981 Thimlich Ohinga ilitangazwa kuwa mnara wa kitaifa wa kumbukumbu, na mwaka 2018, katika kikao cha Manama, Bahrain, UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huo huo wa 2018, katika kikao kingine kilichofanyika Mauritius, UNESCO iliorodhesha ufundi wa kujenga kuta za mawe bila chokaa katika nchi nane za Ulaya, zikiwemo Ugiriki, Italia na Ufaransa, kama maarifa hai ya watu. Kule uliorodheshwa mkono. Kwetu uliorodheshwa ukuta.

Kuta zetu zilistahili heshima hiyo, nami naifurahia. Lakini ukuta wa namna hii haumaliziki kujengwa. Mizizi huupasua, mifugo huuparamia, na wageni huupanda ili wapigwe picha. Kila jiwe linaloanguka linahitaji mtu anayejua lilikokuwa na kwa nini lilikaa pale. Watafiti wamehesabu maeneo 138 yenye maboma ya namna hii katika ukanda wa Ziwa Viktoria. Mengi hayana jina la Thimlich wala ulinzi wake.

Kwa hiyo natamani vyuo vya ufundi vya Migori na Homa Bay, vinavyowafundisha vijana uashi wa tofali na saruji, viwalete pia hapa, washike jiwe lisilochongwa na kulitafutia mahali pake chini ya macho ya wazee wa Nyatike. Na mtembezi anayekuja kwa ajili ya milima apite Thimlich, alipe kiingilio, amsikilize mwongozaji, asipande ukutani. Mawe ya Nyatike hayataisha. Anayejua kuyapanga anaweza kuisha, na huyo ndiye wa kutafutiwa wanafunzi sasa.