Kasisi na Mchawi Katika Mizani ya Dungeons & Dragons

Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974, miujiza ina milango miwili. Mchawi huisomea kitabuni. Kasisi huiomba kwa mungu wake. Kazi ngumu ya watunga kanuni imekuwa kuzuia mlango mmoja usimeze mwingine.

Kanuni za 1978 zilimtoza kila mmoja mahali pake. Uhai wa mchawi ulipimwa kwa dadu ya pande 4, hakuvaa deraya, na alianza na tamko moja tu la uchawi kwa siku. Likishatumika, amebaki na kisu na miguu ya kukimbilia. Kasisi alirusha dadu ya pande 8, akavaa chuma mwili mzima na kushika rungu, maana silaha zenye makali alikatazwa. Fidia ya mchawi ilingoja juu: matamko yake yalifika daraja la 9, ya kasisi yakakomea la 7. Hesabu ilikaa sawa, ingawa wachawi wengi walikufa kabla ya kulipwa.

Toleo la 2000 liliivuruga. Kasisi alipandishwa hadi daraja la 9, deraya akaachiwa, na kasisi mwema akaweza kubadili tamko aliloandaa kuwa la kuponya. Mchawi akivaa deraya kamili, tamko lake lilikuwa na uwezekano wa asilimia 35 wa kuharibika. Kwa matamko machache ya kujiongezea nguvu, kasisi alimfikia hata askari katika kazi yake ya upanga. Mwaka 2008 tabaka zote za wahusika zilipewa muundo mmoja wa uwezo. Usawa ukapatikana, ladha ikapotea.

Dawa ya 2014 iliwekwa ndani ya orodha za matamko. Tufe la moto la mchawi, daraja la 3, liliunguza kwa dadu 8 za pande 6 katika nusu kipenyo cha futi 20. Nguzo ya moto ya kasisi ilitumia dadu 8 zilezile, lakini ilikuwa ya daraja la 5 na nusu kipenyo chake kilikuwa futi 10. Kasisi alinunua moto kwa bei ya juu. Mchawi naye, ukiacha tamko la daraja la 9 la kutaka lolote, hakuwa na la kuponya jeraha la mwenzake.