Sifuri ya Jumapili: kupima utafutaji wa habari za magazeti

Nikiletewa tasnifu iliyosimama juu ya habari za magazeti, sianzi kwa kuhesabu makala zilizotajwa. Yeyote mwenye nywila ya maktaba ya chuo anaweza kuandika neno Zanzibar kwenye kanzidata ya ProQuest akapata maelfu. Natafuta mahali alipokosa. Kanzidata ilipomrudishia sifuri, aliifanyia nini? Hapo ndipo anapojulikana fundi na anayebahatisha.

Chukua Mapinduzi ya Zanzibar, tarehe 12 Januari 1964. Mwanafunzi anafungua hifadhi ya kidijitali ya The Times la London, anaweka tarehe hiyo, anabonyeza, haoni kitu. Mvivu ataandika kwamba gazeti kubwa la Uingereza lilinyamaza siku Sultani Jamshid alipopinduliwa, na asipozuiwa ataijengea sura nzima hoja hiyo. Mwenye kujua atatazama kalenda. Siku ile ilikuwa Jumapili, na The Times halikutoka Jumapili. The Sunday Times ni gazeti jingine, lenye hifadhi yake, na gazeti la Jumapili huchapwa usiku wa Jumamosi, ilhali mapambano Unguja yalianza usiku huohuo kuelekea alfajiri. Habari yenyewe ianze kusakwa Jumatatu, tarehe 13.

Jumatatu nayo ina mtego. Mtafiti anataka kujua mhariri aliipa habari hii uzito gani, basi anachuja ukurasa wa kwanza tu. Sifuri tena. Hadi tarehe 3 Mei 1966, ukurasa wa kwanza wa The Times ulikuwa wa matangazo madogomadogo, na habari kubwa zilikaa ndani. Akitafuta kwa jina la mwandishi atapata hasara ileile, kwa sababu gazeti hilo enzi hizo lilizoea kuandika “mwandishi wetu” na kuishia hapo. Ndiyo maana tanbihi yenye nambari ya ukurasa hunipa imani kuliko yenye kiungo cha mtandao peke yake: inaonyesha kuwa mtu ameufungua ukurasa mzima akaona habari yake ilipangwa jirani na nini.

Kisha maneno yenyewe. Asubuhi ya tarehe 13 hakuna mwandishi aliyejua tukio hilo litaingia vitabuni kwa jina gani. Gazeti huandika maasi, ghasia, waasi, kuangushwa kwa serikali. Kwa hiyo nikiona utafutaji uliotegemea neno moja la Kiingereza lenye maana ya mapinduzi, najua mtafiti ametafuta historia kabla haijaandikwa. Majina ya watu yana shida yake. Mwanasiasa Abdulrahman Babu anaweza kuwa Abdul Rahman, Abdel Rahman, au Babu tu, kutegemea sikio la aliyepiga simu chumba cha habari. Fundi huzipanga tahajia zote katika mstari mmoja wa utafutaji. Akikutana na jina lenye watu wengi, kama la Okello, kiongozi wa waasi, huiagiza kanzidata ilitafute karibu na neno Zanzibar, ndani ya maneno kumi hivi. Amri za ukaribu hutofautiana kati ya kanzidata na kanzidata, na dakika tano kwenye ukurasa wa msaada huokoa jioni nzima.

Tena mashine haisomi gazeti kama wewe. Kurasa nyingi za zamani zilipigwa picha kwenye mikrofilamu, mikrofilamu ikageuzwa kuwa picha za kompyuta, ndipo programu ikabahatisha herufi. Wino uliofifia huzaa upuuzi. Na safu za magazeti ni nyembamba: Tanganyika linakatwa katikati, nusu juu nusu chini, na mashine isipoziunganisha nusu hizo, mtafutaji wa neno zima hulipita bila kuliona. Majina yetu marefu huumia zaidi katika hili. Dawa ni kutafuta kwa kipande kifupi chenye kinyota mwishoni, au kuacha maneno kabisa na kupekua kurasa za siku tatu kwa macho. Watu huona kupekua ni kazi ya kizamani; mimi ndiyo ninayoipa alama. Trove, huduma ya Maktaba ya Taifa ya Australia, inamruhusu msomaji kusahihisha maandishi hayo ya mashine, na ningependa kanzidata za kulipia ziige unyenyekevu huo.

Kuna pia sifuri za kisheria, za mikataba na mahakama. The New York Times lilianza 1851, na ProQuest inalo tangu toleo la kwanza, kwa picha za kurasa. Kwenye kanzidata ya Nexis gazeti hilohilo linaanza 1980, tena maandishi matupu, hayana picha wala mpangilio wa ukurasa. Anayemtafuta humo Karume, rais wa Zanzibar, wa 1964 hatampata, na kosa si la gazeti. Hata baada ya 1980 kuna mapengo: mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Tasini, kwamba wachapishaji hawakuwa na haki ya kuweka kazi za waandishi wa kujitegemea kwenye kanzidata bila idhini yao, na makala nyingi zikaondolewa. Basi orodha ya matoleo yaliyomo isomwe kabla ya kutafuta. Ni ukurasa unaochosha, nao ndio wenye thamani kuliko yote.

Wingi wa matokeo nao hudanganya. Habari moja ya Reuters iliyochapwa na magazeti kumi si ushahidi kumi.

Tukirudi nyumbani, jina la gazeti lenyewe linaweza kukuangusha. Anayetafuta Azimio la Arusha la 1967 kwenye Daily News anatafuta gazeti ambalo halijazaliwa. Daily News lilipatikana 1972, The Standard lililotaifishwa 1970 lilipounganishwa na The Nationalist la chama cha TANU. Kwa 1967, fungua hayo mawili na Uhuru, la Kiswahili.

Uhuru ndilo linalonifikisha kwenye sifuri nzito zaidi. Kanzidata kubwa zinazouzwa kwa vyuo zimejengwa juu ya Kiingereza. Magazeti ya Kiswahili yaliyosomwa vibarazani, Mambo Leo tangu 1923, Ngurumo tangu 1959, ni haba humo kama yapo. Tasnifu inayoeleza maoni ya wananchi wa Tanganyika kwa magazeti ya Kiingereza pekee inaeleza maoni ya wasomaji wa Kiingereza, hata ikiwa na tanbihi mia tatu. Anayejali hukata njia nyingine: makusanyo ya East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako gazeti bado hushikwa kwa mkono, au mikrofilamu za Center for Research Libraries ya Chicago, ambazo maktaba wanachama zinaweza kuazima. Na kabla ya kwenda, mwulize mkutubi, kwa tarehe kamili, ni matoleo gani hayapo. Jibu lake liingie kwenye tasnifu pamoja na maneno uliyotafuta, kanzidata uliyoitumia na siku uliyoitumia, maana mwezi ujao huenda yaliyomo yakawa mengine.